Ukoko wa Msibani

Kama na wewe ni mtu wa kula ukoko jikoni umesimama, huku unawaambia watu hujala, hebu vuta kigoda tuongee. Mimi sina elimu ya kukupa. Mambo ya kongosho na nini utaelezwa hospitali, na usipoelewa mara ya kwanza uliza tena, hawampigi mtu. Mimi nakusimulia nilivyoumwa na nilivyopata nafuu, hapa hapa Mpanda, mtaa wetu wa Shanwe, nikiwa fundi cherehani, mke wa mtu, na mama wa binti mmoja anayesoma bweni. Wananiita Mama Neema.

Nianze na sifa zangu, maana ndizo zilizoniponza. Mtaani tuna kikundi cha wamama cha kufa na kuzikana. Ukisikika msiba, muda si muda tumeshafunga kanga viunoni, sufuria kubwa zimetoka, kuni zimeteremshwa. Mfiwa hapiki. Mfiwa anakaa mkekani, analia, analetewa chakula na kubembelezwa ale. Wa kupika ni sisi. Na katika hao sisi, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka nilikuwa mimi. Mwenyekiti wetu alikuwa ananitolea mfano kwenye vikao, kwamba tuwe na moyo kama wa Mama Neema. Nilikuwa naacha vitambaa vya wateja mezani, nakwenda kwenye msiba wa mtu ambaye hata sura yake siikumbuki vizuri. Watu wakasema huyu ni mtu wa watu.

Kumbe mwenzao nilikuwa nafuata sufuria.

Kazi yangu pale ilikuwa kupakua wali, na anayepakua ndiye anayebaki na sufuria mwisho. Nyie mnaujua ukoko wa sufuria ya msibani? Wa kuni, wa kahawia, una mafuta mafuta, ukiuchokonoa na mwiko unatoka kipande kizima. Nilikuwa naikokota ile sufuria mpaka nyuma ya nyumba, nawapa watu mgongo, nakula mpaka mkono unagusa chuma. Akipita mtu akaniuliza kama nimekula, namjibu bado jamani, nahudumia kwanza. Basi kwa huruma yao wananiletea sahani, nayo naimaliza. Nikifika nyumbani Baba Neema ananiuliza vile vile, na mimi namjibu vile vile, bado. Masikini mume wa watu ananitengea ugali.

Usidhani ilikuwa njaa. Njaa naijua, nimekulia Ikola, na kuna misimu ziwa lilikuwa likigoma kutoa dagaa tunashindia uji. Njaa inakaa tumboni na ukila inaondoka. Hii yangu ilikuwa inakaa hapa, juu ya kifua, chini ya koo. Ikija inakuja na oda yake kabisa: wali, wa sufuria kubwa, wa kuni, ulioungua chini. Nilijaribu kujipikia nyumbani kwa mkaa, nikauunguza makusudi. Haukukubali. Nikakaa na kijiko mkononi nimekasirika, sijui namkasirikia nani.

Mwili nao ukaongezeka, lakini hapo ndipo ufundi uliponidanganya. Mtu mwingine akinenepa, nguo inamwambia. Zipu inagoma, mshono wa kwapa unaachia, anaaibika, anajua. Fundi hana nguo inayombana. Gauni likianza kunishika nilikuwa nafumua mishono ya pembeni, naachia kitambaa kilichobaki ndani, napiga upya. Kitambaa cha ndani kilipoisha nikaanza kuongeza vipande, na kwa kuwa mimi ni fundi mzuri, nasema bila kujisifu sana, vile vipande vilionekana ni mtindo. Wateja wakataka na wao washonewe hivyo hivyo. Nilishona mtindo wa unene wangu kwa nusu ya mtaa.

Halafu na watu walivyo. Mama mkwe wangu, Msukuma wa watu, anaishi huko kwenye ng'ombe zao, alikuwa akija anatuletea maziwa mgando na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ananigeuza geuza uani kunitazama, anaita, "Mayu, mayu," yaani mama kwa kwao, anamshukuru mwanae kwa kunitunza. Baba Neema anatabasamu mpaka gego la mwisho. Nani angeniambia naumwa?

Uzi ndio ulioniambia. Ilikuwa kiangazi, watu wameshauza mpunga, harusi zimepangana, meza yangu imejaa vitenge vya sare. Asubuhi moja nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nililaumu sindano. Nikamlaumu muuza sindano, nikaenda nikagombana naye pale sokoni mbele ya watu, leo nikipita bado ananitazama kwa jicho la pembeni. Nikalaumu umeme. Tundu lilikuwa linaonekana kama limejaa moshi. Mwisho nikawa namwita Baba Neema anitungie. Yeye ni fundi ujenzi, vidole vyake vinene vimezoea tofali, basi anatoa ulimi nje, anafumba jicho moja, anahangaika na ule uzi mpaka chai inapoa. Tulikuwa tunacheka. Nilicheka na mimi, huku roho inanidunda.

Kulikuwa na mengine niliyokuwa nayafumbia macho. Kiu ya kumaliza jagi zima. Kwenda chooni kila saa. Nyayo kuwaka moto nikikanyaga pedeli. Lakini kilichonipeleka hospitali ni gauni la shangazi wa bwana harusi. Nilimwekea mkono wa kulia upande wa kushoto. Mama wa watu hakusema kitu, alilivaa hivyo hivyo siku ya harusi, na mimi nikamwona anavyojivuta bega zima zima kanisani, anashindwa hata kupiga makofi vizuri. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Daktari hakuzunguka. Sukari ilikuwa juu sana. Kuhusu macho akaniambia kwamba ukungu ule bado unaweza kuondoka nikiishusha sukari na kuishikilia huko chini, ila nikiendelea hivi itafika mahali hayarudi tena. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani. Akasema ndiyo maana ananiambia mapema. Nikatoka na vidonge kwenye bahasha ya kaki, na kichwani nina kitu kimoja tu: nikikosa macho, nimekosa cherehani, na nikikosa cherehani sijui mimi ni nani.

Tangu hapo mwaka wangu nikaanza kuuhesabu kwa kliniki. Kliniki ya kipupwe, tunakaa kwenye benchi la korido tumejifunika vitenge mpaka masikioni. Kliniki ya joto la maembe. Kliniki ya mvua za kwanza, bati linapiga kelele mpaka muuguzi anaita jina mara nne. Unafika alfajiri hujala kitu, kwa sababu ya kipimo, na nikwambie ukweli, hakuna mahali duniani watu wanazungumza chakula kama benchi la wagonjwa wa sukari. Kuna babu mmoja wa Katumba alikuwa anatusimulia ndizi na maharage alizokuwa akipika marehemu mkewe, hatua kwa hatua, kuanzia kumenya. Benchi zima kimya, tunameza mate. Akifika kwenye mawese mtu mmoja lazima aseme, "Babu, tuhurumie." Nilipenda lile benchi. Palikuwa mahali pekee ambapo sikuwa nasingizia chochote.

Nyumbani mambo hayakuwa laini. Nilipoanza kupunguza chakula na kuacha soda, Baba Neema alinuna. Akaanza kurudi na chipsi kwenye mfuko, anaziweka juu ya cherehani bila kusema neno. Mwili ulipoanza kupungua ndio ikawa balaa, maana huku kwetu mwanamke akikonda kuna mambo mawili tu: ama mume anamtesa, ama ana ule ugonjwa. Wifi yangu alipiga simu kumuuliza kaka yake kuna nini. Mteja mmoja alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba siku hizi dawa zipo, nisiogope kupima. Nilimshukuru, nikamwambia nimeshapimwa kila kinachopimika.

Siku Baba Neema alipopasuka ilikuwa mchana, nimekataa kuongeza ugali mbele ya mgeni wake.

"Unaniaibisha," akasema mgeni alipoondoka. "Watu watasema nakunyima."

"Na nikipofuka watasema nini?"

Akainuka, akaenda kwenye cherehani, akachukua sindano na uzi akaanza kuhangaika navyo, ulimi nje. Alipomaliza alikaa pale ameishika ile sindano muda mrefu. Kesho yake chipsi hazikuja. Ikaja mchicha, fungu kubwa la kutosha mbuzi, na yeye mwenyewe akakaa tukala sahani moja. Namshukuru mpaka leo, ingawa ule mchicha aliukata yeye na ulikuwa na michanga.

Sasa hapo ungetegemea sukari ishuke. Ilishuka, halafu ikapanda. Ikashuka, ikapanda. Kule kliniki kuna sista wa lishe, binti mdogo tu, anavaa raba nyeupe na hacheki ovyo. Alinipa picha ya sahani imegawanywa, mboga nusu, wali kidogo, na mimi nyumbani nilikuwa naifuata ile picha kama mtoto wa darasa la kwanza. Ila ukitokea msiba, nimekwenda. Nikitoka pale nimeharibu kazi yote. Nilikuwa najichukia, halafu nikijichukia kifua kinabana, kikibana nautaka tena ukoko. Wewe unayesoma hii kama unaumwa kama mimi unajua ninachosema.

Kliniki moja, mvua zimeshachanganya, nikaamua kumwambia yule sista kila kitu, na sufuria na kuwapa watu mgongo. Nilitegemea anifokee. Akaweka kalamu chini, akaniuliza kama ukoko wa nyumbani nautamani. Nikasema hapana. Wa harusini je, si nako kuna sufuria kubwa na kuni? Nikafikiri. Harusi ngapi nimekwenda, nimeshona hata sare zake, na sijawahi hata kuchungulia jikoni. Nikasema hapana.

"Ni wa msibani tu," akasema.

"Ni wa msibani tu."

"Msiba wa nani, mama?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilifungua mdomo nimwambie wa yeyote, wa mtaa mzima, yakanitoka mengine.

Mama yangu alifia Ikola. Maisha yake yote alianika dagaa pale ufukweni, mikono yake ilinuka dagaa hata Jumapili akiwa ananisuka. Alifariki masika, mvua za kumwaga. Nikapanda gari iliyokuwa inakwenda huko, ikazama kwenye tope katikati ya pori, tukasukuma, tukakata matawi, ikatoka, ikazama tena. Kule hakuna chumba cha kuhifadhi maiti, na simu yangu ilishazima. Nilipofika walikuwa wameshamzika tangu jana yake. Watu wanatawanyika, mikeka imekunjwa, wamama wanaosha vyombo. Nami sikujua nikae wapi. Nikafunga kanga kiunoni, nikaingia kwenye sufuria nikaanza kusugua. Watu wakasema tazameni mtoto wa marehemu alivyo jasiri. Chini ya ile sufuria kulikuwa na ukoko umebaki. Nikaula. Keshokutwa yake nikarudi Mpanda, nina sare za watu. Sikulia. Sikuwahi kupata wasaa.

Siku hiyo ya kliniki nililia kwenye meza ya sista mpaka nikalowanisha ile picha ya sahani. Hakuninyamazisha. Akanipeleka chumba cha nyuma kwa mwenzake, mama mtu mzima wa ushauri nasaha, na huyo nikawa namwona kila nikija kliniki, nakaa kwake kabla sijachukua vidonge. Sitakudanganya kwamba alinipa siri. Alikuwa ananisikiliza, ananiuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, na mimi nasimulia. Ukiwa unaona aibu kwenda chumba cha hivyo, aibu hiyo iache kwenye benchi, utaikuta ukitoka kama utakuwa bado unaitaka.

Nilimpigia simu mama mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye mpaka leo anaanika dagaa kwenye vichanja alivyoachiwa na dada yake. Nikamweleza yote, na ukoko. Akasema njoo, barabara ikikauka njoo, na usibebe kitu.

Barabara ilikauka. Nikaenda. Nilitegemea kumkuta peke yake kwenye vichanja vyake. Nakaribia nyumba ya mama naona moshi wa kuni, sufuria kubwa juu ya mafiga, wamama wa pale wamefunga kanga viunoni. Nikauliza kafa nani. Basi mikono yangu, kwa mazoea, ikaanza yenyewe kufunga kanga, nikaelekea jikoni. Mama mdogo akanishika mkono.

"Kaa. Leo hupiki. Wewe ndiye mfiwa."

"Mama mdogo, si yameshapita yale?"

"Kwetu yamepita. Wewe hujawahi kukaa."

Ndani walishatandika mkeka, mahali pale pale kitanda cha mama kilipokuwa. Nikakaa. Wakaanza kuingia mmoja mmoja, wananishika mkono, wananipa pole, kama vile ni jana. Majirani zake mama, wengine sasa hawaoni vizuri, wananipapasa uso. Nililia, jamani. Nililia kwa sauti, kamasi na kila kitu, na wao wakalia na mimi, halafu mmoja akaanza kusimulia jinsi mama alivyowahi kumkimbiza kunguru mwizi wa dagaa mpaka akaingia ziwani na kanga yake ya kanisani, tukaishia kucheka huku tunajifuta machozi.

Kisha wakaleta chakula. Wali na mgebuka wa kukaanga, samaki wa ziwa letu. Wakaninawisha mikono. Mama mdogo akakata tonge la kwanza, akanilisha mwenyewe mdomoni, mtu mzima na makunyanzi yangu. Nikatafuna. Nikala tonge jingine, na jingine, taratibu, nimekaa chini, watu wananitazama usoni. Halafu mkono ukasimama. Sikuusimamisha mimi. Niliitazama sahani, wali bado upo, na pale juu ya kifua pamelegea. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimeacha chakula kwenye sahani. Huko nje watoto walikuwa wanagombania ukoko, nasikia miiko inagonga sufuria, na wala sikugeuza shingo.

Baadaye nilimuuliza mama mdogo kama hiyo ni mila ya wazee wetu. Akasema hajui, yeye ameona tu inafaa.

Sasa usije ukadhani nilirudi Mpanda nimepona kama mtu aliyeombewa. Ile hamu ilirudi. Mpaka leo inarudi, hasa nikigombana na mtu au Neema akipata homa huko shuleni. Nilikuta msiba mmoja baada ya mavuno nikaangukia sufuria kama zamani, nikaenda kliniki nikamwambia sista, akasema haya, tuendelee, kana kwamba nimemwambia nimechelewa basi. Ninachofanya ni kitu kidogo. Ikija, nakaa chini. Kama ni chakula, nakila nimekaa, kwenye sahani, na mtu mwingine mbele yangu, hata kama ni mteja amekuja kupima. Ukiwa umekaa unatazamwa, unapata nafasi ya kujiuliza kama unachotaka ni wali kweli au unamtaka mama. Mara nyingine ni wali kweli, na ninakula.

Sukari ilishuka na safari hii ikakaa. Vidonge bado nameza. Mvua za kwanza zilizofuata, asubuhi, nilichukua sindano, nikalamba uzi, nikautunga, nikapiga pindo la sketi, ndipo nikakumbuka kwamba sikumwita mtu. Nilipomwambia Baba Neema alifurahi, lakini nikaona kama kuna kitu amenyang'anywa. Siku hizi mara moja moja namwita anitungie, basi tu. Nguo zangu nazipunguza, vile vipande vya pembeni navitoa. Wateja wanalalamika kwamba mtindo umepitwa na wao bado wanaupenda.

Kikundini niliomba nisipakue tena. Mwenyekiti alishtuka, akadhani nimekasirishwa, ikabidi niwaeleze wamama wote ukweli. Mmoja, simtaji, akasema kwake yeye ni maandazi, anayala chooni. Hakuna aliyecheka. Wakanipa kazi nyingine, ya kukaa mkekani na wafiwa.

Masika hii alifariki mzee jirani yetu. Binti yake wa mwisho yuko Dar, njia zikamsumbua, akafika tumeshazika. Aliingia uani na begi lake, macho makavu, akatazama mikeka, akatazama watu. Kisha akaweka begi chini, akachomoa kanga, akaifunga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Wamama wakaanza kunong'ona, mwoneni, ana moyo huyu.

Niliinuka. Magoti yangu si ya haraka, lakini siku hiyo yalikuwa ya haraka. Nikamshika mkono kabla hajagusa mwiko.

"Kaa, mwanangu. Leo hupiki."

Akanitazama kama hanielewi. Nikamfungua ile kanga kiunoni, nikamfunika nayo mabegani, nikamketisha. Alikaa kidogo tu, kikamtoka kilio kile ninachokijua. Nikamshikilia. Kilipotulia wakaleta sahani, nikamnawisha, nikamkatia tonge. Akala kidogo kidogo. Nami yangu ililetwa, nikaila pale pale kando yake, nikaimaliza, nikanawa.

Kwa kilio chake hakuona nilivyokula; akaniona tu nimetulia mikono mitupu, na adabu zake, akasukuma sahani yake upande wangu.

"Na wewe, mama? Umekula?"

"Nimekula, mwanangu," nikamwambia. "Nimeshiba."